Shangazi Anataka Kuona Matumbawe

2 Februari

Mwanangu Kichwangumu,

Salamu nyingi. U mzima? Mimi ni mzima wa kutosha, ila magoti ndiyo yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Matroni, yule jirani yangu wa bweni la shule, anakusalimu. Yuko hapa nyuma yangu anasoma ninachoandika, na nimemwambia mara mbili akae mbali.

Nimestaafu Ijumaa iliyopita. Wamenipa saa ya ukutani. Miaka thelathini na minne nimekimbizana na kengele ya shule, halafu wananipa saa! Nimeitundika chooni.

Sasa sikiliza. Nakuja huko kwako baharini. Tangu uondoke na begi lako kwa hasira, miaka kumi na miwili sasa, umenialika mara nyingi, na kila mara nimekujibu nina mitihani ya kusahihisha. Leo sina hata karatasi moja. Kila mwaka, mwezi wa sita, nimewachorea kidato cha pili matumbawe ubaoni kwa chaki, na mimi mwenyewe sijawahi kulowesha hata kifundo cha mguu baharini. Naona aibu. Mtu atafundishaje kitu maisha yake yote kwa kusikia tu? Nataka kushuka chini niyaone kwa macho yangu, wewe ukinishika mkono. Hiyo ndiyo zawadi yangu, saa wabaki nayo.

Nahitaji siku saba, chumba cha chini kisichotazamana na muziki, na ratiba iliyoandikwa. Matroni anakuja pia. Yeye hazami popote, atakaa kivulini. Niambie kama maji ni ya baridi, kama samaki wanauma, na kama mtu wa miwani anaona chochote huko chini.

Wala usinipigie simu. Maneno ya simu hukanushwa. Ya kwenye karatasi hayakanushiki.

Ni mimi,
Shangazi yako

19 Februari

Shangazi, shikamoo,

Mimi mzima, na leo nimepiga kelele hapa ofisini mpaka wageni wawili wakatoka bwawani kuuliza kuna nini. Unakuja! Yaani wewe, kwa miguu yako! Msalimie sana Matroni, na umwambie vivuli tunavyo.

Chumba nimeshika, tarehe ishirini Juni mpaka ishirini na sita, cha chini, upande wa bustani. Maji ni ya uvuguvugu. Samaki hawaumi. Miwani tunayo ya kuzamia yenye lenzi, nitumie namba za macho yako. Na jamani, Shangazi, maswali yako yangeisha kwa dakika tano za simu. Barua yako imekaa posta siku kumi na mbili! Lakini haya, mwalimu ni mwalimu.

Itakuwa hivi. Asubuhi ya kwanza tunakaa bwawani, maji ya kifuani, unajifunza kupumua kwa mtungi. Ukizoea, mchana tunaingia baharini, mita sita tu, na mkono wangu hautaachia wako. Kazi hii nimeifanya miaka tisa, nimeshashusha watu mia na mia. Lakini nikuambie kweli, kuna mtu mmoja tu niliyekuwa nikimngoja.

Usinunue chochote sokoni. Suti, mapezi ya miguuni, kila kitu kipo. Nitumie tu vipimo vya kiuno na kifua, visiwe vya zamani.

Humu ndani kuna fomu ya afya, maswali ishirini na nane. Jibu Ndiyo au Hapana. Ukiwa na Ndiyo hata moja, unampelekea daktari naye anaamua. Tafadhali jaza kwa ukweli, Shangazi. Ni karatasi, na wewe karatasi unaziheshimu.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Salamu. Huku tu wazima, mvua imeanza na paa la Matroni linavuja kwa hiyo amehamia kwangu na sufuria zake zote. Usiniulize siku zinavyokwenda.

Nimepokea fomu. Ni nani aliyetunga mtihani huu? Swali la tatu lina maswali matatu ndani yake. La kumi na moja na la kumi na tisa yanauliza jambo lile lile. Nimeyasahihisha pembeni kwa kalamu nyekundu, mpe mkuu wako asome. Mtihani mbovu humwonea mtahiniwa.

Suti yenu siitaki. Nimeona picha kwenye kipeperushi ulichotia pamoja na fomu, watu wamebanwa kama mihogo ndani ya gunia. Nimekwenda kwa fundi cherehani, amenishonea vazi la kuogea la bluu, linafika magotini, lina kola na mifuko miwili. Matroni alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. Mwache acheke, mifuko ina kazi yake.

Mazoezi yanaendelea. Kila asubuhi natia uso kwenye beseni la maji na Matroni anahesabu. Ile saa imepata kazi, tumeitoa chooni. Jana nilifika sekunde ishirini na moja, ningeongeza kama huyu mwanamke asingenipiga mgongoni akidhani nimekufa.

Fomu hii hapa. Hapana zote ishirini na nane. Nadhani nimefaulu.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi, shikamoo,

Natumaini mu wazima wote, na paa la Matroni limepona. Vazi la kola sawa, tutaongea. Mkuu wangu amesoma masahihisho yako, ameyabandika ukutani.

Lakini swali la nne, Shangazi. "Je, umewahi kuwa na pumu?" Umeandika Hapana, na mwandiko wako hata haukutetemeka.

Mimi niliingia nyumbani kwako na miaka minane, baba alipofariki. Nimelala chumba kimoja nawe miaka mitatu. Nani alikuwa akinituma nikimbie kuleta kile kichupa cha kuvuta? Kilikaa kwenye boksi la chaki, mkono wa kulia wa meza. Ulikuwa ukimaliza kufuta ubao unakohoa mpaka unashika dirisha, halafu unawaambia wanafunzi ni vumbi tu. Daktari alikuambia uache chaki, ukaacha daktari.

Sikuulizi kukuaibisha. Huko chini unavuta hewa ya mtungi, imegandamizwa. Ukiwa na pumu, njia za pafu zinaweza kubana na hewa ikanaswa ndani. Ukipanda juu hewa hiyo inatanuka, na haina pa kutokea. Pafu linapasuka. Mita sita zinatosha, hata tatu.

Nenda kwa daktari, akupime, aandike. Akisema ndiyo nitakushusha nikiimba. Akikataa basi.

Nakuomba, usikasirike.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Sikukasirika. Mtu akikasirika huonekana, na mimi nimekaa hapa nimetulia kabisa, muulize Matroni. (Nimemtuma dukani.)

Kile kichupa sijakitumia mwaka huu zaidi ya mara tatu, nne ukihesabu siku ya jirani kuchoma takataka. Pumu yangu ilikuwa ya chaki. Chaki nimeacha Januari. Kwa hiyo swali linauliza habari za mtu ambaye hayupo tena.

Lakini tuseme nimekosea. Haya. Maswali ishirini na nane, nimepata ishirini na saba. Piga hesabu: asilimia tisini na sita na kitu! Niambie ni shule gani duniani mtu anapata tisini na sita anaambiwa ameanguka. Hao wageni wako wote wameandika kweli tupu? Mkuu wako mwenyewe asingejua. Ni wewe tu unayejua habari za boksi la chaki, na wewe si mtu baki.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nimekuimbia hilo tangu utotoni. Mimi ni mkuu wako. Nina miaka sitini na sijaomba mtu kitu. Sasa naomba. Niachie hilo swali moja, utie sahihi yako kwenye fomu, nishuke, nione, nirudi. Alama moja tu, mwanangu. Itakugharimu nini?

Shangazi yako

1 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mimi si mzima, nina hasira, na leo sitaificha.

Thelathini na tisa.

Unaikumbuka? Mtihani wa jiografia wa shule yetu, ule wa kumaliza. Arobaini ndiyo ilikuwa alama ya kupeleka jina langu chuo cha ualimu. Nikapata thelathini na tisa, na aliyesahihisha ni shangazi yangu wa damu, ninayekula naye meza moja. Nilikuja jikoni nikakuambia, Shangazi, alama moja tu. Ulikuwa unakuna nazi, hata hukuinua kichwa. Ukasema, "Alama haiombwi, hutafutwa." Nakunukuu neno kwa neno, kwa sababu nimeyabeba maneno hayo miaka kumi na miwili. Mchana ule ule nilifunga begi.

Ndiyo, swali la tano niliacha wazi, lile la matumbawe. Ulikuwa umenichoresha nyumbani mpaka nayaota, na nilijua wewe ndiye utakayelisahihisha, nikaliruka makusudi, kwa jeuri. Ujinga wangu ule nimeulipa. Lakini leo unaniuliza alama moja itanigharimu nini? Wewe? Wewe wa kuniuliza mimi hivyo?

Na mkuu wangu, kwa taarifa yako, hana tatizo. Nilimwambia. Alisema, "Karatasi imesema Hapana, sisi tumejikinga, mshushe mama wa watu afurahi." Kwa hiyo ni mimi peke yangu ninayekuzuia. Ningetaka sana kutia sahihi, kuliko unavyodhani. Nimeshachagua mpaka mahali, nyuma ya mwamba, pana matumbawe ya zambarau makubwa kama meza.

Mwaka wangu wa pili hapa nilimshusha bwana mmoja, fundi wa magari, mcheshi. Aliandika Hapana kama wewe. Mita tisa pumzi ikambana, akanyanyuka kama kizibo, sikuwahi kumshika. Kwenye boti alikohoa damu. Hakufa. Lakini mkewe aliniuliza swali moja, "Fomu yake ulisoma?" Nilisoma. Sikuwa nikijua. Wewe najua.

Kuhusu mkuu na guu, nchi kavu mkuu ni wewe. Majini mkuu ni mimi. Sitii sahihi.

Mwanao

24 Mei

Shangazi, shikamoo,

Hujambo lakini? Wiki tatu sasa sina jibu. Nimepiga simu ya Matroni, amesema, "Yupo, anapumua, hataki kuongea," akakata.

Niliandika kwa ukali. Ukali naomba radhi, maneno siyafuti. Chumba bado nimekishika. Niandikie hata mstari mmoja, hata kunitukana.

Mwanao

3 Juni

Mwanangu Kichwangumu,

Salamu. Ni mzima, na nimechoka.

Barua yako ya Mei mosi niliisoma nikaiweka chini ya godoro. Sikutaka Matroni aione. Aliitafuta akaiona, akaisoma yote kwa sauti jikoni, akaikunja akasema, "Amekupata." Nilimfukuza nyumbani kwangu. Akatoka, akakumbuka paa lake, akarudi.

Basi nikaenda hospitali, na ukweli ni kwamba nilikwenda kukukomesha wewe. Nilitaka cheti. Daktari wa kwanza, binti mdogo mkali, alinipulizisha kwenye bomba mara tatu, akatazama mashine, akaniuliza nimetumia chaki miaka mingapi. Akaandika: kuzama na mtungi, hapana kabisa. Kuelea juu ya maji, ruhusa, dawa ikiwa karibu. Nikamwambia mashine yake ni mbovu.

Nikaenda kwa wa pili. Huyu nilimfundisha. Alisimama nilipotia mguu mlangoni, "Mwalimu, karibu, Mwalimu, kaa." Nikamweleza shida. Hakunipima, mwanangu. Hakugusa hata kifua changu. Alichukua kalamu akasema, "Kwako wewe nitakataaje? Nitaandika u mzima." Akaanza kuandika.

Nilimtazama ule mkono unavyokwenda nikaingiwa na hofu. Nikajiuliza wangapi amewaandikia hivyo kwa heshima, na wako wapi. Huyo nilimpa daraja la kwanza mimi. Nikanyakua karatasi nikaichana mbele yake, nikatoka bila kuaga. Njia nzima hasira zangu zilikuwa za huyo kijana, nazo za kwako nikizitafuta sizioni. Kwako nikaona jambo jingine: mtoto wa nyoka ni nyoka, nami ndiye niliyekulea usimpe mtu alama ya bure.

Nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Karatasi yako ile niliisahihisha mara nne. Nilitafuta alama moja kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Ningeipata popote, kwenye mchoro, kwenye ramani, ningekupa na kucheka. Haikuwepo. Siku ile jikoni sikuinua kichwa kwa sababu nilikuwa nalia, na sikutaka uone.

Kwa hiyo futa chumba. Sina hamu ya kuja kukaa mchangani nikitazama wengine wakizama. Mwambie mkuu wako asante kwa kubandika masahihisho.

Shangazi yako

9 Juni

Shangazi, shikamoo,

Hii nimempa dereva wa basi mkononi, posta siwaamini.

Nimesoma barua yako mara nne, mimi pia. Kulia nitalia wakati wangu, sasa hivi sina nafasi, maana chumba hakifutwi na wewe unakuja.

Daktari wako mkali amesema kuelea juu ya maji, ruhusa. Mbona mstari huo umeupita mbio? Unaniudhi, Shangazi! Tarehe ishirini na mbili maji yanakupwa sana. Nyuma ya mwamba yanabaki ya kiunoni, na yale ya zambarau yanakuwa chini ya pua yako. Unavaa miwani, unaweka mrija mdomoni, unalala juu ya maji umeshikilia boya. Hewa ni hii hii ya Mungu, si ya mtungi. Nami nitakuwa pembeni. Ukisema umechoka, tunatoka.

Vaa vazi lako la kola. Nimefikiria, kola itafaa kukushikia.

Kichupa kije. Cha pili kije pia. Hilo si ombi.

Mwanao

4 Julai

Mwanangu,

Salamu nyingi. Tumefika salama. Matroni amebabuka mabega kwa jua, anazunguka nyumba nzima akilalamika, na ni yeye aliyesema kofia ni za wazee. Anakusalimu. Anasema hatasahau alivyosimamishwa majini mpaka magotini, kichupa changu amekinyanyua juu kwa mikono miwili, na watalii wakimpiga picha. Hataki kuniambia kama amefurahi, lakini jana nimemkuta anaweka uso kwenye beseni.

Kila mtu huku ananiuliza nimeona nini, nami nawajibu hovyo. Wewe nitakujibu sawasawa.

Kwanza niliona vazi langu tu, limefura usoni, nikakulaani. Halafu ukanivuta kola na nikatulia, na likawa chini yangu. Nilikuwa nangoja ukuta wa mawe, mwanangu. Ndivyo nilivyouchora kila mwaka. Nikaona kidude kama kidole kina kinywa, kinafumbua, kinafumba, kinameza kitu. Pembeni kingine, na kingine, maelfu, vyote vinakula! Nilipopiga kelele kwenye mrija ukadhani pumzi imenibana ukanisimamisha. Haikuwa pumzi. Nilikuwa nakuambia, "Yako hai!" na maji yakaniingia puani.

Nilipofika nyumbani, kabla ya kufungua begi, nilitoa faili langu la mitihani. Nikasoma mwongozo wangu wa kusahihishia mtihani wenu ule, swali la tano. Nimeandika kwa mkono wangu: "Matumbawe ni mabaki ya viumbe wadogo waliokufa." Kwa neno waliokufa nilitoa alama mbili. Walio hai sikuwaandika popote. Wanafunzi wangapi! Na ungelijibu ile siku kama ulivyonionyesha juzi, ukaandika yako hai, yana vinywa, yana rangi, ningekukata alama zote kumi na kukuandikia pembeni "Soma daftari lako."

Nimechukua kalamu nyekundu nimejipa sifuri. Matroni ni shahidi.

Humu kwenye bahasha utaikuta karatasi yako. Niliitunza miaka yote. Usihangaike kutafuta alama mpya, sijaongeza. Thelathini na tisa ni thelathini na tisa, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini ukurasa wa swali la tano bado uko mweupe, kama ulivyouacha kwa jeuri yako. Lijibu. Muda hauna kikomo. Nirudishie nilisahihishe, safari hii nimeona ninachokisahihisha.

Mchoro uwe na rangi.

Shangazi yako